Kiatu Kimoja kwa Mwendo wa Pasi

Mama Viraka alikuwa mwanamke wa kusema ukweli, na hilo mliweke moyoni kabla sijawaambia jinsi alivyodanganya. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kiti kilekile, dirishani mwa idara ya kufulia ya hospitali kuu, akikanyaga cherehani na kushona kila kilichochanika: mashuka, foronya, magauni ya wagonjwa yasiyokubali kufunga mgongoni, makoti ya madaktari yaliyotobolewa na kalamu zao wenyewe. Ukimpelekea shuka ukadai limechanika lenyewe, alikutazama juu ya miwani mpaka ukakumbuka jambo lililokuita kwingine. Jina la Mama Viraka alipewa na manesi, naye alilipokea bila ubishi, maana viraka vyake ulikuwa huvioni mpaka uonyeshwe.

Mumewe alifanya kazi hatua kumi na mbili kutoka hapo, upande wa pili wa ukuta wa kioo. Yeye alikuwa msimamizi wa rola, ile mashine ndefu ya kupigia pasi mashuka, yenye silinda mbili za moto zinazolimeza shuka likiwa bichi na kulitoa limenyooka. Rola ile ilikuwa kongwe na ilikuwa na mwendo mmoja tu. Shuka likikwama ndani sekunde chache, linaungua. Ukilivuta kabla ya wakati wake, linatoka na mikunjo na inabidi lirudi tena kwenye maji. Shuka moja lilipita kwa mapigo kumi na sita, wala si kumi na tano, na bwana yule alikuwa ameyahesabu mapigo hayo miaka mingi kiasi kwamba aliyahesabu hata akikoroga chai.

Basi huyohuyo ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya ya wafanyakazi. Kwaya yenyewe ilikuwa ya watu kumi na tisa, wa kufulia, wa jikoni na wa usafi, na mazoezi yao yalifanyika palepale kazini, mikono ikikunja mashuka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi nyingine. Kwa hiyo mwendo wa rola ndio ukawa mwendo wa kila wimbo. Wimbo wa harusi, wa kumuaga mstaafu, wa kumpongeza mganga mkuu, zote zilipita mlemle kwa mapigo kumi na sita kwa shuka, na anayeona unachelewa akapande mashine ya kukaushia. Mbele yake walimwita Mwalimu. Akiwapa kisogo walimwita Mzee Taratibu, naye alijua, na kusema kweli jina lilimpendeza.

Walisoma kwa solfa, zile herufi za do, re, mi zinazoandikwa kwa mistari minne, mstari mmoja kwa kila sauti. Karatasi ya solfa hukuambia sauti inapanda wapi na inashuka wapi. Haikuambii kama watu wanaucheza wimbo huo ukumbini wakitokwa jasho, au wanauimba makaburini. Kama hakuna aliyeandika mwendo pale juu, basi mwendo ni wako mwenyewe, na hilo nalo liwekeni moyoni.

Mwalimu alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja. Wazazi wao walifariki mapema, na Mwalimu, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa ametoka tu kuoa, akamlea mdogo wake kwa chai ya rangi na solfa. Alimwandikia noti kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, akawa anazinyooshea kidole moja moja, mtoto anaimba. Mtoto alikuwa na sauti ya kukusahaulisha ulichokuja kufanya. Ila alikuwa na kosa moja lisilotibika. Kila wimbo uliposhuka kutoka so kwenda fa, yeye ile fa aliipandisha kidogo ikawa fe, halafu akaing'ang'ania pigo zima la ziada, mfano wa mtu aliyesimama mlangoni akijaribu kukumbuka alichosahau ndani. Kaka yake alimgonga kwa kidole utosini. Mtoto aliimba tena, akakosea palepale. Mama Viraka, wakati huo bado mke mgeni katika nyumba ile, alisikia mambo hayo kila jioni akimenya viazi, fe na kidole, fe na kidole, mpaka akawa anajipapasa utosi yeye.

Mtoto alikua akawa kijana asiyetulia, na watu wakamwita Machachari. Lakini kwenye kinanda alitulia, na kwaya ikamtegemea. Siku ya kufungua wodi mpya, viti vimejaa wageni, Mwalimu akainua mikono juu kuanzisha wimbo na kinanda hakikulia. Kiti kilikuwa kitupu. Machachari alikuwa ameondoka asubuhi ile na bendi ya dansi, gitaa mgongoni, bila kuaga. Mwalimu akabaki ameinua mikono mbele ya watu mia mbili, na wale waliokuwepo wanasema aliishusha polepole sana, kwa kuwa alikuwa hajui aiweke wapi.

Miezi minane baadaye kijana alirudi kuomba radhi, na kaseti mkononi. Mwalimu alimkaribisha, akampa kiti, akaisikiliza kaseti nusu dakika, akaitoa kwenye redio na kumrudishia. "Hizi ni kelele," alisema. "Wimbo ni kitu kingine." Machachari aliitia kaseti mfukoni, akamuaga shemeji yake, akaenda zake. Toka siku hiyo ilipita miaka ishirini na sita. Wakikutana msibani walipeana ncha za vidole.

Na dunia nayo ina utani wake. Zile kelele zikawa wimbo wa kila mtu. Uliitwa "Kiatu Kimoja", na maneno yake hayajazi kiganja: mtu anacheza mpaka kiatu kinamtoka na kupotea, naye hana habari, anaendelea na kile kilichobaki. Ulikwenda mbio, magitaa matatu yakifukuzana, na ukifika kwenye kiitikio ukumbi mzima ulivua kiatu kimoja kimoja na kukitupa pembeni. Mabwana harusi walitupa. Wakuu wa idara walitupa, halafu wakatafutana kuulizana nani kavaa cha nani. Mtu mmoja tu mjini alikuwa hajawahi kuusikia mpaka mwisho, naye ni Mwalimu. Ukianza kulia dukani, aliacha mkate wake kaunta akatoka nje, na redio ya nyumbani kwake ilifunguliwa kwa taarifa ya habari tu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatatu ile, nesi wa wodi ya koo alipomletea Mama Viraka gauni lililokatika mkanda. "Na kuna mgonjwa huko juu kitanda cha saba," alisema nesi, "anasema wewe ni shemeji yake."

Alipanda ngazi wakati wa chai, vumbi la nyuzi likiwa bado kifuani. Machachari alikuwa amekaa kitandani na kitambaa shingoni, amekonda, mvi zimemjaa, lakini macho ni yaleyale ya mtu anayetaka kuchomoka.

"Shemeji, umezeeka vizuri," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, ilitoka kwa shida.

"Wewe umezeeka vibaya. Una nini hapo?"

Alikuwa na uvimbe kooni. Angepasuliwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Daktari alimwambia ana matumaini ya kumponya, ila sauti asiitegemee tena, ya kuimba wala ya kuongea. Machachari alilieleza jambo hilo kama anaeleza habari za mtu mwingine, kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa solfa, mistari minne, kwa mwandiko wake.

"Mpelekee kaka," alisema. "Usimwambie ni wangu. Sitaki anihurumie. Nataka aniambie kitu kimoja tu, ni wimbo au si wimbo."

Mama Viraka aliikunjua karatasi, akaitazama. Alijua kusoma mstari wa sauti ya pili peke yake, ndio aliouimba miaka yote, lakini huo ulimtosha. "Shemeji, wewe una akili timamu? Nchi nzima inatupa viatu kwa ajili ya kitu hiki, na bado unataka kuambiwa?"

"Hao hawakunifundisha ukutani."

Akapumzika kidogo, akameza kwa taabu. "Akisema ni kelele, nitaingia chumba cha upasuaji nikijua hivyo. Akisema ni wimbo, vilevile. Lakini nisiingie bila kujua, shemeji. Na kama ana la kunijibu, anijibu wakati bado nina sauti ya kuitika."

Mama Viraka hakulia mbele yake. Alilia kwenye ngazi, ghorofa mbili nzima, na alipofika chini alinawa uso kwenye pipa la maji ya kusuuzia, akarudi kwenye cherehani.

Mwandiko wa Machachari Mwalimu angeutambua hata gizani, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Kwa hiyo Mama Viraka aliinakili karatasi yote kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kistari kwa kistari, hata vile asivyovielewa. Hakuandika jina la wimbo. Hakuandika maneno. Hakuandika mwendo. Halafu akaitia kwenye sanduku la mifukoni.

Sanduku hilo lilikaa mlangoni mwa idara, na ndani yake viliwekwa vitu vyote vilivyosahauliwa kwenye mifuko ya nguo za wagonjwa: barua, funguo, miwani, mara mbili meno ya bandia. Mwalimu alilifungua kila asubuhi mwenyewe. Alikuwa na sheria moja, kwamba hakuna kitu cha sanduku kinachotupwa kabla mwenyewe hajatafutwa wodi kwa wodi, na sheria hiyo hakuwahi kuivunja.

Jumanne asubuhi aliitoa ile karatasi, akaisoma amesimama. Mama Viraka alimwona kupitia kioo. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaanza tena. Kisha akatembea zile hatua kumi na mbili.

"Hii imetoka wapi?"

"Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni," alisema mkewe, macho kwenye sindano. Kwa hesabu yake mwenyewe huo ulikuwa uongo wa pili kumwambia mumewe tangu waoane. Wa kwanza ulihusu kofia fulani, na huo tuuache.

"Mama watoto, mtu aliyeandika hii," Mwalimu alisema, akasita kutafuta neno, "sijui ni mtu gani. Watu wa namna hii walikwisha zamani."

Siku hiyohiyo akaanza kuifundisha. Na hapa ndipo ninaposhindwa kusimulia vizuri, mnisamehe. Wimbo ule uliozoea kukimbia uliingia kwenye rola, ukatoka kitu kingine kabisa. Sauti ya kwanza ilipanda kidogo kidogo, kila noti ikisubiri shuka lifike katikati ya silinda. Sauti ya nne ilikaa chini bila kujitikisa. Pale ambapo magitaa yalizoea kufukuzana, sasa sauti mbili zilikuwa zinaitana kutoka mbali, moja ikiondoka wakati nyingine inafika, na katikati yao palikuwa na kimya ambacho hakuna aliyewahi kujua kama kilikuwepo. Mvuke ulikuwa unapanda. Watu walikunja mashuka bila kuangalia mikono yao. Mama Viraka aliacha kukanyaga cherehani, akasahau hata kuimba sehemu yake, na vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni.

Besi, bwana mkubwa wa kwenye mapipa ya kufulia aliyeitwa hivyo kwa sauti yake nene, ndiye aliyeutambua wa kwanza, siku ya Alhamisi. Mguu wake wa kulia ulianza kutikisika wenyewe. Alimjia Mama Viraka na kapu la foronya ambazo hazikuchanika.

"Fundi," alinong'ona, "niambie ninaota. Huu si 'Kiatu Kimoja'?"

"Ndio wenyewe. Na nyamaza hivyohivyo."

"Na Mwalimu anajua?"

"Ungemwona anaimbisha hivi kama angejua?"

Besi aliliweka kapu chini. "Mimi wimbo huu nimeuvunjia miguu," alisema. "Nimeutupia viatu visivyo vyangu. Leo umetaka kuniliza mbele ya sabuni." Kufikia Ijumaa kwaya nzima ilijua isipokuwa mwalimu wake, na watu kumi na tisa walikuwa wanaimba huku wakiichunga miguu yao isiwasaliti.

Mama Viraka alichokiogopa si hicho. Mwalimu, kwa sheria yake ya sanduku, alikuwa ameanza kumtafuta mwenye karatasi. Kila mchana alishika wodi mbili, akianzia ya kwanza, akiuliza kitanda kwa kitanda nani kasahau wimbo mfukoni. Alitaka kumpa mkono mtu huyo, alisema, kumpa mkono tu. Mama Viraka alihesabu wodi kwa vidole. Wodi ya koo ilikuwa ya mwisho kabisa. Angeifikia Jumamosi, siku moja baada ya upasuaji, akakuta mtu asiye na sauti ya kumwitikia. Na Machachari mwenyewe, kila shemeji yake alipopanda kumwona, alimuuliza kwa macho tu, naye alimjibu, "Subiri kidogo, shemeji, bado anaupiga pasi." Akimwambia mumewe ukweli mapema, aliogopa angeiweka karatasi mezani na kutoka nje, kama alivyouacha mkate. Asipomwambia, wakati ungekwisha. Aliweka moyoni kwamba Alhamisi, siku moja kabla ya upasuaji, saa nane mchana atasema, liwalo na liwe.

Alhamisi saa tano Mwalimu alisimamisha kwaya.

"Mstari wa tatu wa wimbo," alisema. "Mwandishi kakosea hapa. Hii inashuka kutoka so, inatakiwa fa, yeye kaandika fe. Halafu kaivuta pigo zima la bure. Nimekuwa nikiliacha lipite kwa heshima yake, lakini kosa ni kosa." Akatoa kifutio mfukoni, akafuta fe, akaandika fa, akaufuta na ule mstari mdogo wa kuvuta. "Tuanze."

Wakaanza. Walipofika mstari wa tatu walipita vizuri kabisa, kwa usahihi, na wimbo ukafa. Sijui niseme vipi. Noti zote zilikuwepo, hesabu ilikuwa sawa, na kilichobaki kilikuwa zoezi la darasani. Watu walitazamana. Mwalimu alishusha mikono, akakunja uso.

"Kuna kitu kimetoka," alisema.

Akafuta fa. Akarudisha fe. Akarudisha na ule mstari mdogo, kwa shida, maana karatasi ilikwisha kulainika. "Tena," alisema, na safari hii aliimba nao, kidole mbele, akiwaonyesha noti moja moja hewani. Wakafika so. Wakashuka kwenye fe, wakaishika, wakaishika pigo lile la ziada, na wimbo mzima ulisimama pale mlangoni ukijaribu kukumbuka kitu. Mwalimu hakuwatoa kwenye noti hiyo. Kidole chake kilibaki hewani. Alikuwa anakitazama kidole chenyewe.

Harufu ndiyo iliyowashtua. Shuka lilikuwa limekwama ndani ya rola na kuungua, rangi ya kahawa kutoka pindo hadi pindo. Kwa miaka yote aliyoisimamia ile mashine halikuwahi kuungua shuka, na mtu aliyesahau kuhesabu alikuwa yeye. Besi alikimbia kulivuta. Mwalimu hakuliangalia hata kidogo. Alikuja zile hatua kumi na mbili, taratibu, na karatasi mkononi.

"Hii umeinakili wewe," alimwambia mkewe. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Kutoka mkono wa nani?"

Uongo wa tatu Mama Viraka hakuuweza. "Wa mdogo wako."

Mwalimu alikaa kwenye rundo la mashuka machafu, yeye ambaye hata kuyagusa aliyagusa kwa glavu. "Yuko wapi?"

"Juu, wodi ya koo, kitanda cha saba. Kesho wanampasua. Wanasema sauti haitarudi."

"Na huu ndio ule? Wa kaseti?"

"Ndio uleule."

"Ule wa watu kutupa viatu."

"Huo."

Nyuma ya kioo kwaya yote ilikuwa imesimama, hakuna aliyejifanya anakunja. "Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?" aliuliza Mwalimu.

"Ungeusikiliza?"

Jibu wote wawili walilijua. Aliipapasa ile herufi kwa ncha ya kidole kilekile. "Nilimgonga miaka kumi ili aitoe hii," alisema. "Kumbe aliificha humu. Watu wamekuwa wakicheza juu yake mbiombio, hakuna anayeisikia." Uso wake ulikuwa umelowa na hakuuficha. "Anataka nini kwangu?"

"Anataka umwambie ni wimbo au si wimbo. Hakuna kingine."

Mwalimu aliinuka. "Zimeni rola," alisema, na kwa kuwa haikuwahi kuzimwa saa za kazi, Besi aliuliza kama kuna moto.

Walipanda na aproni zao, wakinuka sabuni na wanga, wakajipanga kati ya vitanda wodi ya koo. Wagonjwa wa humo wengi walikuwa wamefungwa shingo, hawasemi. Machachari aliwaona, akajiinua kitandani, akamtafuta shemeji yake kwa macho. Mama Viraka naye alishindwa kumpa ishara yoyote, maana alikuwa hajui.

Mwalimu alisimama miguuni pa kitanda. Hakusalimia.

"Mstari wa tatu una kosa," alisema.

Machachari alitazama chini. "Najua, kaka."

"Leo asubuhi nimelisahihisha. Wimbo umekufa. Ikabidi nilirudishe."

Kisha akainua mikono juu. Mama Viraka aliiona mikono ile ikiwa juu, mbele ya watu, imesimama kama siku ile ya kiti kitupu, akakaza meno. Mikono ikashuka, na sauti zikaja.

Waliimba bila maneno, kwa mwendo wa pasi. Nesi aliyekuwa anasukuma kigari cha dawa alikiacha katikati ya njia. Walipofika kwenye kiitikio, mzee mmoja wa kitanda cha pili, shingo imefungwa bandeji, alifumbua macho. Aliwasikiliza kwa mashaka, halafu kwa mshangao, halafu akatoa mguu mmoja nje ya blanketi, akavaa ndara yake pale sakafuni, akaivua, akaisukuma kando polepole. Kitanda cha tano naye akafanya hivyo. Nesi alichomoa mguu kwenye kiatu chake cheupe. Besi akavua buti la mpira. Mmoja baada ya mwingine, bila kelele, wodi nzima ikawa imesimama au imelala na kiatu kimoja, na Mwalimu, aliyekuwa hajui desturi hiyo, aliona bila kuelewa na hakuacha kuimbisha.

Mstari wa tatu ulifika. Sauti zilishuka kutoka so, na Machachari akafumbua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kimechakaa, kimepasuka pembeni, lakini kilipanda pale kilipozoea kupanda, kikawa fe, kikang'ang'ania. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kimenyooka kumwelekea. Pigo la ziada likapita. Hakukishusha. Hapakuwa na rola ya kumhesabia, wala shuka la kuungua, akaishika kwaya yote palepale, akamsubiri mdogo wake mpaka pumzi yenyewe ilipokwisha, ndipo akawateremsha hadi do, nyumbani kwa wimbo.

"Ni wimbo," alisema. "Ulikuwa wimbo toka siku ile. Mimi ndiye niliyesikiliza nusu dakika."

"Ndiyo, kaka," aliitika Machachari.

Mwalimu alitazama miguu ya watu, akamgeukia mkewe. "Kinachovuliwa ni cha kulia au cha kushoto?"

"Chochote," alisema Mama Viraka, na ndipo alipoanza kulia hadharani, mwanamke mzima.

Mwalimu aliinama, akafungua kamba ya kiatu chake cheusi cha ngozi, kile alichokipiga rangi kila Jumapili, akakivua na kukiweka chini ya kitanda cha saba. Alishuka ngazi na kimoja. Mkewe alipomkumbusha kwamba kingine amekisahau, alimwambia hajakisahau.

Ijumaa alikuja kazini na kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili, na hakuna aliyethubutu kucheka. Rola ilikwenda bila wimbo. Mama Viraka alishona shuka moja mara mbili, akalifumua. Saa saba nesi alitokea mlangoni, na kila mtu alimtazama mikononi kwanza, kuona kama amebeba kiatu kisicho na mwenye kukitunza tena.

Mikono ilikuwa mitupu.

"Amezinduka," alisema nesi. "Yuko salama. Sauti hakuna, hata ya kunong'ona. Na kile kiatu chako, Mwalimu, nilitaka kukiteremsha, amekikumbatia. Nikivuta, na yeye anavuta."

Mwalimu aliitika kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Akae nacho," alisema. Kisha akageuka, akalishika shuka lililofuata kwa pembe zake mbili, akawaambia kwaya waanzie mstari wa tatu.